LC3 (saruji ya udongo uliochomwa na mawe ya chokaa) kwa kaolini (madini ya udongo mweupe) ya Pugu: nichome nyuzi ngapi?

mhandisi_saruji: Wakuu, tunajaribu LC3 maabara: klinka (vinundu vigumu vinavyotoka tanuri la saruji) 50%, udongo uliochomwa 30%, mawe ya chokaa 15%, jasi 5%. Nitajuaje udongo umeiva? Halafu mota (saruji, mchanga na maji) inakuwa nzito mno, haimwagiki.

Tanuri: Nyuzi 750 hadi 850 za Selsiasi, saa moja. Tandaza tabaka jembamba; ukilundika kwenye bakuli, katikati hubaki mbichi. Ukipita sana 900 chembe hujipanga upya kuwa madini yasiyomenyuka na chokaa. Hapo umechoma umeme bure.

Mizani: Kausha kwanza kwa nyuzi 105, kisha pima uzito unaopotea kati ya 400 na 600. Kaolini safi hupoteza karibu 14%, kwa hiyo 7% maana yake nusu ni kaolini. Kaolini ikiwa chini ya 40%, tafuta udongo mwingine. Rudia kipimo baada ya kuchoma: ikiendelea kupoteza, haijaiva.

Tanuri: Kuhusu mota kuwa nzito, usiongeze maji, nguvu itashuka. Weka kilainishi cha polikaboksileti (kemikali ya kulainisha mota bila kuongeza maji) kidogo kidogo. Na je, mnasaga vyote pamoja? Klinka ni ngumu, udongo unasagika kupita kiasi na kunywa maji yote. Sageni kando.

mhandisi_saruji: Ndiyo, tulisaga pamoja. Shukrani wakuu.