Mjadala: John Cena kusalimu amri kwa Gunther, aliheshimiwa au alidhalilishwa?

Shabiki wa Bwaise
Wapenzi wa mieleka, leo tuambiane ukweli. Tangu alfajiri ile ya Desemba 2025 tulipoamka saa kumi kumuaga John Cena, nyota wa kampuni ya mieleka ya WWE, moyo wangu haujatulia. Mtu amehubiri kutokata tamaa zaidi ya miaka 20. Fulana zake zimeandikwa hivyo. Watoto wagonjwa zaidi ya 650 amewatimizia ombi la kukutana naye, na wote amewaambia hilo hilo. Halafu pambano la mwisho la maisha yake, pale Washington, mpinzani wake Gunther anamkaba shingo, Cena anatabasamu na kupiga mkono sakafuni. Amesalimu amri! Kushindwa sina neno. Angezimia mikononi mwa Gunther na mwamuzi akasimamisha, ningekubali. Lakini kupiga mkono? Naomba mnijibu: waliopanga mwisho ule walimheshimu Cena?

Fundi Simu, Arua
Walimheshimu, tena sana. Desturi ya mieleka ni kwamba anayeondoka humwachia jina anayebaki. Mkongwe Ric Flair alilazwa chali, yaani alishindwa, na Shawn Michaels 2008. Shawn mwenyewe akalazwa na Undertaker 2010. Gunther alishamstaafisha Goldberg kule Atlanta mwezi wa Julai, kisha akapita mashindano mazima na kumtoa LA Knight fainali ili ampate Cena. Angepigwa usiku ule, kesho yake angekuwa nani? Sasa hivi kila ukumbi anaoingia anazomewa na watu wazima wenye machozi, na hiyo ndiyo kazi yake. Halafu wengi mnaolia leo ndio mliomzomea Cena tangu 2005. Ghafla mmekuwa wajane wake.

Dada wa Ntinda
Mjane wa nani, kaka? Pima maneno. Mimi sikumzomea Cena hata siku moja. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, tunakaa mbele kabisa kwenye kibanda cha video, na kaka zetu nyuma wanatucheka kwamba Cena ni wa wanawake na watoto. Hata Marekani ilikuwa hivyo: sauti nyembamba zinamwita twende Cena, sauti nene zinajibu hafai. Miaka yote tumeambiwa hatujui mieleka kwa sababu tunampenda yeye. Leo ameondoka, bado tunatukanwa.

Fundi Simu, Arua
Dada yangu, sikukulenga wewe.

Dereva wa Malaba
Mimi nilimzomea na sijutii. Cena aliwazika vijana wengi, yaani aliwashinda mpaka majina yao yakafifia. Kundi la wageni la Nexus 2010, mnawakumbuka? Vijana wanane wamevamia, kampuni nzima inatetemeka, kila mtu anasubiri SummerSlam, onyesho kubwa la WWE. Cena anabaki peke yake, anabamizwa kichwa kwenye sakafu ya saruji, anainuka, anawamaliza Gabriel na Barrett wa Nexus ndani ya dakika chache. Wade Barrett hakurudi kuwa yule tena. Edge na Jericho wenyewe walikuwa kwenye timu ya Cena na wamesema hadharani kwamba mwisho ule haukuwa sawa. Kwa hiyo Gunther kumkaba mpaka akapiga mkono ni deni limelipwa.

Dada wa Ntinda
Nexus, Nexus, kila siku Nexus. Na CM Punk 2011 pale Chicago, nani alilala? Daniel Bryan SummerSlam 2013, alilazwa nani, tena bila hila? Kevin Owens mwaka 2015, siku ya kwanza kupigana kwenye jukwaa kubwa, alimshinda nani katikati ya ulingo? Wote hao ni Cena aliyewapa. Mnahesabu mnavyotaka.

Dereva wa Malaba
Malizia basi habari ya Owens. Cena alimpiga mapambano mawili yaliyofuata, na lile la mwisho alimfanya Owens apige mkono. Kijana mgeni akapigishwa mkono, sawa. Cena akipigishwa mkono, nchi inalia.

Nyumba ya Pili
Watu wazima mnagombana kwa mambo yaliyopangwa mezani. Mshindi anajulikana kabla hawajavaa viatu.

Shabiki wa Bwaise
Tunajua tangu darasa la tatu. Ndiyo maana nimeuliza kuhusu waliopanga. Ingekuwa ngumi za kweli, nisingekuwa na wa kumlaumu.

Mwalimu, Kasese
Nakubaliana na Bwaise hapo. Kinachojadiliwa ni hadithi, na hadithi ina haki yake. Cena aligeuka mbaya Toronto mwezi Machi, akampiga bingwa Cody Rhodes mbele ya The Rock, akachukua ubingwa wa 17 Las Vegas kwa pigo chini ya kiuno na kumgonga mtu na mkanda. Wakaona watu hawataki, akarudishwa kuwa mwema kama hakuna kilichotokea. Mwaka wa kuaga uliandikwa vibaya tangu mwanzo. Kupiga mkono ni ukurasa wa mwisho tu wa kitabu kilichokwisha kuharibika.

Mzee wa Kisenyi
Nimewasoma kimya tangu jana. Mnamlilia Mmarekani aliyestaafu tajiri. Je, mnajua kampuni hiyo hiyo ya WWE ndiyo iliyoizungusha dunia nzima na mpiganaji aliyeitwa "Jitu la Uganda"? Kamala! Tumbo limechorwa mwezi na nyota, miguu peku, ngozi ya chui kiunoni, haongei, anajipiga tumbo. Walimfanya asijue hata kumlaza mtu chali, anamlalia mgongoni mpaka aelekezwe na mlinzi wake aliyevaa kofia ya mkoloni. Huyo ndiye Mganda waliyemwonyesha dunia. Na hadithi waliyompa ni kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Kwanza jibuni hilo, ndipo mlie kwa ajili ya Cena.

Shabiki wa Bwaise
Mzee, kwa heshima zote, Kamala anaingiaje hapa?

Fundi Simu, Arua
Anaingia kwa mlango wa Amin, kama kawaida. Kila likitajwa jambo baya kuhusu Uganda, sharti mtu wa West Nile, kwetu na kwao Amin, aguswe. Amin aliondolewa 1979. Kamala alibuniwa Memphis, Marekani, 1982, miaka mitatu Amin yuko uhamishoni. Waliokaa na mpiganaji Jerry Lawler kubuni lile vazi hawakuijua Koboko wala Kampala. Na Amin mwenyewe, mseme mtakavyo, ulingoni alikuwa mtu wa kweli, bingwa wa ngumi wa Uganda miaka ya 1950. Hakuhitaji kuchorwa tumbo.

Mzee wa Kisenyi
Kijana, mimi niliishi Kampala miaka ile. Usinifundishe Amin. Na usimsifu mbele yangu kwa sababu ya ngumi.

Fundi Simu, Arua
Sijamsifu. Nimetaja rekodi. Watu wa kwetu walilipa kwa yale aliyoyafanya mtu mmoja, walikimbilia Sudan na Zaire na watoto mgongoni, na mpaka leo tukifungua mdomo kuhusu mchezo tunaulizwa Amin. Inauma, mzee.

Mwalimu, Kasese
Ndugu zangu, mrudieni Kamala. Yule jamaa alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi. Mtu mweusi maskini aliyepewa kazi ya kuwa mshenzi, akaifanya vizuri kuliko wote. Alipambana na Andre the Giant, na Hulk Hogan, na Undertaker pale Wembley 1992. Miezi michache baadaye Undertaker huyo huyo akamfungia ndani ya jeneza na kupigilia misumari. Baadaye aliendesha malori. Kisukari kikamkata miguu yote miwili, akawa anachonga viti vya mbao na kuviuza. Alifariki Agosti 2020. Mimi siwezi kumchukia. Waliomvika ndio nina neno nao.

Dada wa Ntinda
Baba yangu alimpenda Kamala kupita kiasi. Kwenye kanda zile za zamani, akitokea tu baba anasimama: huyo wetu! Tulipomwambia ni mtu wa Mississippi alikasirika nasi wiki nzima. Kwa hiyo mzee, msifikiri kila Mganda alitukanwa. Wapo waliojivunia.

Mzee wa Kisenyi
Binti, baba yako alijivunia kwa sababu hakuonyeshwa mwingine. Mwaka ule 1979 Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi, Mganda mwenye jina lake na suruali yake. John Mugabi alileta fedha ya Olimpiki Moscow 1980, akasimama na bingwa Marvin Hagler Las Vegas 1986 mpaka raundi ya 11, baadaye akavaa mkanda wa dunia. Wakati watu hao wanapigana ngumi za kweli, Wamarekani walinunua tiketi kumwona Mganda wa kuchorwa. Hiyo ndiyo hasira yangu.

Dereva wa Malaba
Mzee hapo umenigusa. Lakini basi tuseme yote. Mukono pale vijana wanapigana kwenye tope, kamba za ulingo ni mianzi, video zinazunguka dunia nzima na Wazungu wanapiga makofi. Tofauti na Kamala iko wapi? Wanatazama mieleka au wanatazama Waafrika wamejaa matope?

Kijana wa Mukono
Tofauti ni kwamba sisi tumejichagulia. Hakuna aliyetuchora tumbo. Mwanzilishi wetu Bumbash na vijana walianza na udongo kwa sababu ulingo wenye kamba na mbao chini yake ni ghali, na udongo upo. Ukimrusha mtu vibaya kwenye udongo laini, anainuka. Majina tumejipa wenyewe, hadithi tunaandika wenyewe, na wasichana wanapigana sawa na wavulana. Wewe Dereva unapita barabara ya Jinja kila wiki. Umewahi kusimama ukatazama?

Dereva wa Malaba
Sijasimama. Swali langu linabaki pale pale: watazamaji wa nje wanacheka au wanashangilia?

Kijana wa Mukono
Wengine wanacheka. Sasa tuache? Cena alirudishiwa fulana aliyowarushia watazamaji New York 2006, akaiokota akairusha tena kwa watu, wakairudisha tena. Aliendelea na pambano. Ndiyo maana tunampenda hapa kwetu, na ndiyo maana nakubaliana na Bwaise kwamba kupiga mkono kulikuwa kosa. Nina vijana ninaowafundisha, wengine walikuwa wanalala nje. Nilitumia mfano wa Cena kila asubuhi. Jumapili ile walikuja kuniuliza, nikakosa cha kuwajibu.

Fundi Simu, Arua
Wajibu kwamba mzee wa miaka 48 aliachia njia kwa heshima.

Kijana wa Mukono
Mwanafunzi wangu akipiga mkono mapema ili amwachie mwenzake, namrudisha kundini kesho yake kufanya mazoezi ya shingo. Siwezi kuwafundisha mambo mawili.

Mwalimu, Kasese
Lakini Mukono, kwenu pia kuna anayepangiwa kushindwa. Mnamwambiaje usiku ule?

Kijana wa Mukono
Tunamwambia ashindwe akiwa bado anapigana. Alazwe, abebwe, azimie. Mkono hapigi, labda hadithi yenyewe iwe ya kumvunja mtu, na hadithi hiyo huandikwa wiki nyingi kabla. Kwa Cena hawakuiandika.

Shabiki wa Bwaise
Asante! Ndilo jibu nililotafuta tangu juzi.

Mzee wa Kisenyi
Mimi sijajibiwa la Kamala.

Dada wa Ntinda
Mzee, njoo Mukono siku ya onyesho, uwaulize vijana wenyewe mbele ya ulingo. Nitakulipia taksi kutoka Kisenyi. Na Dereva aje pia, akae mbele na wanawake na watoto.

Dereva wa Malaba
Nakuja. Lakini suala la Nexus siliachi.