Taa imewaka kijani, trafiki kanyoosha mkono tusubiri. Huu utaratibu anaupanga nani?

Wakuu habari za asubuhi. Mimi mkazi wa Kimara hapa Dar, natoka home saa kumi na moja na nusu kuwahi mjini, hii Morogoro Road naijua toka Ubungo pakiwa mataa na foleni ya kulala mpaka leo pana interchange. Kuna kitu kinanikera kweli kweli naomba mnisaidie.

Jumanne nimekaa kwenye mataa flani, siyataji, taa ya kijani upande wetu ikawaka ikazima, ikawaka ikazima, nikahesabu mara saba na hatujasogea hata tairi moja, askari katuwekea kiganja tu, upande wa pili wanapita mfululizo mpaka barabara yao ikaisha magari ikawa inapita bajaji moja moja na bado hajatugeukia. Kijana anayeuza maji akanigongea kioo, "zima gari bosi, nyie bado, anawamaliza wale kwanza". Muuza maji anaijua zamu yetu kwa kumwangalia askari, taa haiangaliwi tena na mtu. Pembeni yangu kulikuwa na kosta ya shule, watoto wamelala vichwa kwenye vioo, saa moja kasoro. Hao wameamshwa saa ngapi?

Na hapo ndo watu uvumilivu unaisha wanaanza kutanua, wengine wanaingia njia ya mabasi ya mwendokasi, alafu mbele wanachomekea, tunagongana.

Swali langu: kama taa nzima kwa nini tunaongozwa kwa mkono? Na mkazi ukitaka kulalamika unaenda kwa nani? Nilimuuliza diwani wetu kwenye mkutano wa hadhara akasema hiyo sio ya halmashauri, akaendelea na mambo ya madarasa.

Suka wa Mbagala:
Mkuu pole ila mi naendesha daladala mwaka wa 11 sasa, nikwambie ukweli. Siku askari hayupo pale ni balaa zaidi, taa zetu nyingi zinahesabu sekunde tu hazijui foleni imefika wapi, inakupa kijani wakati mbele kumejaa, watu wanaingia hivyo hivyo wanaziba makutano, basi hakuna anayetoka. Askari akija anafungua. Shida ni kwamba akishafungua haachii, anaitwa kwenye redio kuna msafara wa kiongozi unapita, anafunga nusu saa, akifungua foleni imeshafika vituo vitatu nyuma. Na kisheria yuko sawa, alama ya askari iko juu ya taa, ukipita kijani yeye kakuzuia unakula faini elfu 30.

Mzee wa Sinza:
Swali la pili ndo lenye uzito. Makutano mamoja tu hesabu wahusika wake: barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, iko wizara ya ujenzi. Mtaa unaoingilia hapo ni wa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, iko TAMISEMI, yaani serikali za mitaa. Njia ya mwendokasi ni DART, wakala wa mabasi hayo. Askari ni wizara ya mambo ya ndani. Hapo diwani anashika wapi? Hakukudanganya ila angekuambia uende wapi, hiyo ndo kazi yake tuliyomchagulia.

Alafu wewe ukitoka Kimara mpaka Posta unapita Manispaa ya Ubungo, Kinondoni, unaingia Ilala ambayo toka 2021 ndo Jiji. Zamani tulikuwa na meya wa jiji zima, hakuwa na amri kwa trafiki ila walau kulikuwa na kiti kimoja cha kupeleka kilio cha Dar yote. Sa hivi kila meya na eneo lake, na foleni haijui mpaka wa manispaa.

Binti Temeke:
Naona wote mnaongea mkiwa ndani ya magari. Sisi wa miguu je? Askari akishika makutano ile taa ya kuvuka haina maana tena, inawaka kijani huku magari yanapita kasi kwa sababu yeye kayaruhusu. Mama yangu nilimfundisha subiri taa ya mtu wa kijani ndo uvuke, akavuka, bodaboda ikampitia kiatu. Sijamfundisha tena hivyo, namwambia mshike mtu mkono mvuke wengi.

Mkazi wa Kimara:
Binti Temeke pole sana kwa mama, hilo sikuliwaza kabisa na ndo kubwa kuliko la kwangu. Suka nimekuelewa, sitaki askari aondoke, nataka awepo wa kufungua palipozibwa kisha airudishie taa kazi yake. Flyover ya Tazara 2018 na Ubungo 2021 zimejengwa kwa hela nyingi na zimesaidia, sibishi, ila kupanga upya sekunde za taa hakuhitaji zege, kunahitaji mtu mmoja mwenye amri na jina lake tulijue. Wagombea wakija wanatuahidi lami, hakuna hata mmoja nimemsikia anaongelea hili.

Kuanzia Jumatatu naandika kwenye daftari taa imewaka mara ngapi tumeruhusiwa mara ngapi, nikimaliza mwezi nampelekea mbunge. Nani anatokea Kawawa Road asubuhi tuandike wote? Binti Temeke na wewe tuandikie upande wa wavukaji.

Suka wa Mbagala:
Kilwa Road niandike mimi, konda wangu atahesabu.