Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, kazi yangu imekuwa kusaini tu. Naomba ushauri

Alizeti Kwetu: Wakuu, heshima kwenu. Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijijini kwetu, Singida. Kila kikao mganga mfawidhi anatoa karatasi ya matumizi, tunasaini, tunakunywa soda, tunatawanyika. Simtuhumu wizi, ni kijana mchapakazi na yuko na nesi mmoja tu. Ila akina mama wanatumwa dukani kununua amoksilini za watoto, nasi hatujui kama hela hakuna au dawa haikuagizwa. Mafunzo tuliahidiwa, kimya. Nianzie wapi bila kugombana na mtaalamu?

Bibi Mstaafu: Hongera mwenyekiti. Nimefanya kazi timu ya afya ya halmashauri miaka mingi. Zamani fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zile wanazochangia wafadhili, zilikaa halmashauri, mganga anapiga magoti. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, kwa hiyo rungu mnalo nyinyi. Mafunzo yakija yaje. Kikao kijacho mwombe aje na leja ya dawa, taarifa ya benki na nakala ya oda ya mwisho ya MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali. Msipekue kila kitu! Shikeni hiyo amoksilini peke yake: ilipokelewa lini, iliisha lini, oda ilitoka lini. Kama MSD walijibu hawana, ulizeni kwa nini haikununuliwa kwa mshitiri.

Kijana wa Manyoni: Mshitiri ndiyo nani?

Bibi Mstaafu: Muuzaji aliyeteuliwa na mkoa kuuzia vituo vya serikali dawa zilizokosekana MSD. Utaratibu ulianza Dodoma 2014, kufika 2018 ukaenea Bara yote.

Mzee wa Tarafa: Bibi yuko sahihi, lakini taratibu. Kwetu mwenyekiti alidai taarifa ya benki mbele ya mkutano wa kijiji, mganga akaomba uhamisho, zahanati ikabaki na nesi. Mfuate kwanza mkae wawili. Unaweza kukuta oda inachelewa kwa sababu anatibu, anazalisha na kujaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma, peke yake.

Alizeti Kwetu: Shukrani wakuu. Akisema hesabu zote ziko kwenye mfumo?

Bibi Mstaafu: FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo, inatoa ripoti, azichapishe. Kama hakuna printa, aandike mapato na matumizi kwa mkono, katibu abandike nakala ubao wa matangazo wa kijiji.