Kijerumani mtandaoni "kwa wanaoanza kabisa": ada mmechukua, wa kutusahihisha yuko wapi?

Wakuu habari za jioni. Mods naomba uzi huu msiuhamishe, kuna vijana wengi wa Moshi na Arusha wanapigwa muda huu huu ninavyoandika.

Mimi ni mgumu, nabeba mizigo mlimani. Masika yakiingia, Aprili na Mei, wageni wanapungua, unabaki Pasua unaangalia mvua. Ndiyo miezi ambayo huku kila mtu anajaribu kuongeza kitu. Wengine wanaenda udereva, wengine Kiingereza, sisi wengine tukaona Kijerumani, maana Wajerumani wanapanda sana huu mlima na anayeweza kuongea nao lugha yao hamalizi miaka akibeba mabegi. Likapita tangazo kwenye status za watu: "Kijerumani A1 kwa mwezi mmoja tu! Huhitaji kujua chochote! Soma ukiwa nyumbani!" Hiyo A1 ndiyo ngazi ya kwanza kabisa ya kujua lugha. Ada laki na nusu. Jina la chuo silitaji, wanajijua, na tangazo lao bado linazunguka.

Sasa hilo la "huhitaji kujua chochote" ndilo limenileta hapa.

Darasa ni Zoom, saa moja, mara tatu kwa wiki. Tuko zaidi ya sitini. Vipaza sauti vyote ticha kavifunga, eti kelele. Anasoma slaidi, anauliza "tuko pamoja?", vidole gumba vinapanda kwenye skrini, anahamia slaidi nyingine. Jamani, mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza anajuaje kama yuko pamoja? Aliyewahi kusoma kidogo ana sikio tayari, akikosea anajishtukia. Sisi hatuna hilo sikio. Ukikosea leo bila kuambiwa, wiki ijayo kosa limeshazoea mdomo, na kuling'oa ni kazi kuliko kuanza upya.

Chukua sauti zao za ö na ü. Vokali zetu Waswahili ni tano, hizo mbili hazimo. Ticha anasema "schon", halafu anasema "schön", anauliza mmesikia tofauti? Kwenye spika ya simu yangu, mvua inapiga bati, zote mbili zimetoka "shoon". Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp: mwalimu naomba nikutumie sauti yangu unisikilize kama natamka sawa. Admini akajibu haraka kweli kweli: "Kusikilizwa mmoja mmoja ni huduma ya ziada, elfu kumi kwa nusu saa."

Yaani kufundishwa ni huduma ya ziada. Laki na nusu ilikuwa ya kuangalia.

Kazi za nyumbani ndiyo vichekesho. Unaandika kwenye daftari, unapiga picha, unatupia kwenye kundi. Kila mtu anapata "Sehr gut", yaani vizuri sana, na makofi. Kila mtu! Nikaanza kutia shaka, nikaandika makusudi "die Berg" na "der Zelt", wakati mlima ni der Berg na hema ni das Zelt, mambo ambayo hata kitabu cha mtumba pale Mbuyuni kingenionyesha. Nikatuma. Sehr gut, makofi matatu. Jamaa yangu akatuma picha ya ukurasa wa jana yake, ule ule. Naye akapigiwa makofi.

Halafu hiyo "A1 kwa mwezi mmoja". Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani wenyewe inayofundisha na kutahini lugha yao, wanasema kufika A1 unahitaji takriban vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45, kulingana na unachojua na unavyojifunza. Sisi saa moja mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne ni saa 12, yaani vipindi 16. Na hapo ni kama umeme haujakatika na ticha hajachelewa, na ticha anachelewa.

Niliuliza pia mtihani ukoje, nikaambiwa "mtapewa cheti, msiwe na wasiwasi". Cheti chenyewe ni PDF yenye nembo yao na jina lako. Nimeenda kusoma mwenyewe mtihani wa A1 wa Goethe ulivyo, ule ambao mtu wa ubalozi akiuona anauelewa. Kusikiliza dakika 20, kusoma 25, kuandika 20, na kuongea kama dakika 15 mkiwa kikundi. Kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Kwenye kuongea unajitambulisha, unatakiwa kutaja neno herufi kwa herufi, unataja namba, unamuuliza mwenzako na yeye anakuuliza, mnaombana vitu. Kwenye kusikiliza kuna sehemu ya matangazo unaisikia mara moja tu, hakuna kurudiwa. Sasa niambieni, mtu ambaye kozi nzima hajafunguliwa kipaza sauti hata kutaja jina lake anaenda kuongea nini mbele ya mtahini?

Na bando je? Ukikosa darasa unatumiwa rekodi ya video. Video ya megabiti moja kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa, na za kwao ni nzito kuliko hapo kwa sababu sura ya ticha lazima ionekane vizuri. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 ni kama MB 29 kwa saa. Lugha ni kusikia! Nikaomba watutumie na sauti tu, watu wa Kiborloni na Rau tuweze kumudu kurudia somo. Jibu: "Mfumo wetu hauruhusu." Mfumo gani wakati mnatupia kwenye WhatsApp? Na nusu ya video walizoturushia nimekuja kuzikuta bure kabisa kwa Deutsche Welle, hao hao tunaowasikiliza redioni kwa Kiswahili. Wana masomo ya Kijerumani mtandaoni kuanzia sifuri, hawadai senti.

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia mkuu usilalamike, mtandaoni ndivyo kulivyo, mwanafunzi ajitume. Aa wapi. Chuo Kikuu Huria kinafundisha watu wakiwa mbali tangu 1994, kabla wengi wenu humu hamjashika simu, na bado kina vituo mikoani ambako mwanafunzi anaenda kuonana na mtu. Kusoma kwa mbali hakujawahi kuwa na maana ya kutelekezwa. Kuna dada namfahamu yuko Sakina kule Arusha, anasoma Kijerumani hiki hiki, Zoom hii hii, ila wako wanane. Kila kipindi lazima kila mmoja aongee. Ticha wao akisikia kosa anakusimamisha hapo hapo, unarudia mpaka uone aibu, na usiku anakutumia sauti yake ya sekunde kadhaa umsikilize na ujisikilize. Ameanza baada yangu. Juzi kanipigia akaanza kunisemesha Kijerumani, mimi nikabaki "ja, ja".

Kwa hiyo msinipeleke kwenye habari ya uvivu. Nachotaka hivi vyuo vya status viseme kabla mtu hajatuma hela: darasa lina watu wangapi, kipaza sauti kitafunguliwa au la, nani anasahihisha kazi, na kusahihishwa kumo ndani ya ada au ndiyo hiyo ya ziada. Mtu aamue akiwa anajua. Laki na nusu kwa mgumu msimu wa mvua ni kodi ya chumba ya miezi, siyo hela ya kuchezea.

Wiki hii wametuma ujumbe kwenye kundi: "Hongereni sana kwa kumaliza A1! Lipia A2 kabla ya Ijumaa upate punguzo." Nikauliza, huko A2 tutafunguliwa kuongea? Nimetolewa kwenye kundi dakika hiyo hiyo.

Mwenye ticha wa Kijerumani Moshi mjini, ana kwa ana au mtandaoni, mwenye darasa dogo na anayewasikiliza watu, anicheki PM. Na kama wewe pia umepita kwenye hicho chuo, shuka hapa chini useme ulipewa makofi mangapi.