Naomba msaada: testi za chakula zinagoma, sukari ya mezani inabaki bluu

Mtoa mada

Habari za kazi wakuu. Naandaa maabara ya testi za chakula kwa kidato cha tatu, na kati ya testi nne tatu zinagoma. Naweka kila kipimo kama kilivyotumika ili mnionyeshe kosa liko wapi.

Sukari isiyo punguzi (isiyogeuza Benedict mpaka ipitie asidi): 2 cm³ za maji ya sukari ya mezani (5 g ndani ya 100 cm³), 2 cm³ za asidi ya haidrokloriki 2 M (moli 2 kwa lita), kuchemsha dakika 2, kisha 2 cm³ za Benedict (kimiminika cha bluu cha kupimia sukari) na kuchemsha dakika 5. Benedict ilipoingia tu, povu likapanda. Rangi ikabaki bluu iliyopauka.

Protini: 2 cm³ za ute wa yai uliochanganywa na maji, 1 cm³ ya haidroksidi ya sodiamu 10%, 2 cm³ za kopa salfeti (chumvi ya shaba) 10%. Ukatokea uji mzito wa bluu badala ya zambarau. Kuupasha moto, ukawa mweusi.

Wanga: uji mwepesi wa unga wa muhogo, 1%. Iodini ileile inatoa bluu-nyeusi kwenye testi tyubu moja, nyingine inabaki kama chai ya rangi, nyingine rangi inapotea kabisa.

Mafuta yametoka vizuri. Naomba na sababu, si hatua tu, maana wanafunzi watauliza kwa nini.

Mchangiaji 1

Mwalimu, jibu la sukari liko kwenye hilo povu. Povu ni kaboni dayoksaidi, na imetoka kwenye Benedict yenyewe. Asidi yako ilikuwa bado nzima ndani ya testi tyubu ikaila kaboneti ya sodiamu.

Piga hesabu uone. Benedict ina gramu 100 za kaboneti ya sodiamu kavu kwa lita, yaani karibu 0.94 M. Kwenye 2 cm³ kuna milimoli 1.9 hivi, na kila moja inaweza kumeza ioni mbili za haidrojeni, jumla 3.8. Wewe umeweka 2 cm³ za asidi 2 M: milimoli 4. Asidi imemaliza kaboneti yote na nyingine ikabaki. Hapo huna tena Benedict, una maji ya bluu yenye asidi. Na Benedict hufanya kazi kwenye alkali tu.

Hatua iliyorukwa ni kuua asidi. Fanya hivi:

Weka 2 cm³ za sukari na 1 cm³ ya asidi (usiweke 2, haihitajiki). Chovya testi tyubu kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2 hadi 3. Itoe, ipoze kabisa kwa kuisimamisha kwenye maji baridi. Kisha weka baikaboneti ya sodiamu ya unga kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko, ukitikisa, mpaka kuongeza kwingine kusitoe povu. Kwa 1 cm³ ya asidi 2 M inatakiwa gramu 0.17 tu, basi usimwage kijiko kizima. Kupoza ni lazima. Ukiiweka kwenye mchanganyiko wa moto, povu linaruka nje na asidi ndani yake. Gusisha litmasi ya bluu (karatasi ya kupimia asidi): ibaki bluu, isigeuke nyekundu. Sasa weka 2 cm³ za Benedict, rudisha kwenye maji yanayochemka dakika 5. Itapita kijani, njano, machungwa, hadi wekundu wa tofali.

Ukiona povu wakati wa kuweka Benedict, simama. Asidi haijaisha.

Mchangiaji 2

Naongezea upande wa kemia, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wanakariri bila kuelewa.

Sukari punguzi ni ile inayoweza kutoa elektroni zake kwa kitu kingine. Kitu hicho hapa ni ioni ya shaba yenye chaji mbili, ile inayotoa rangi ya bluu. Ikipokea elektroni moja inabaki na chaji moja, inaungana na oksijeni, inatuama chini kama oksaidi nyekundu. Rangi ya tofali mnayoiona ni shaba iliyopokea elektroni. Haina sukari ndani yake.

Glukosi inatoa elektroni kwa sababu pete yake (atomu zake zilizojifunga duara) hufunguka ikiwa majini, na kwenye ncha iliyofunguka kuna kundi la aldehaidi. Sukari ya mezani ni sukrosi: glukosi moja na fruktosi moja zilizoshikana. Zimeshikana kwa kaboni namba 1 ya glukosi na kaboni namba 2 ya fruktosi, na kaboni hizo mbili ndizo zilezile ambazo pete hufungukia. Zote zimefungwa kwa pamoja, kwa hiyo hakuna pete inayofunguka na hakuna elektroni inayotoka. Maltosi nayo ni sukari mbili zilizoshikana, lakini imeacha kaboni moja huru, ndiyo maana inageuza Benedict bila kupitia asidi.

Kazi ya asidi ni kuharakisha maji yakate kiungo. Molekuli moja ya maji inatumika kwa kila kiungo: gramu 342 za sukrosi na gramu 18 za maji zinatoa gramu 180 za glukosi na 180 za fruktosi. Mwambie mwanafunzi ajumlishe pande zote mbili, zitalingana. Mmeng'enyo wa chakula tumboni ni mkato huohuo, ila vimeng'enya vinaufanya kwa joto la mwili bila kuchemsha.

Usisahau testi tyubu ya kulinganisha: sukari ileile, Benedict, bila asidi. Ikigeuka rangi, ama testi tyubu ni chafu ama sampuli ina sukari punguzi tayari. Ukitumia maji ya muwa au kitunguu badala ya sukari ya mezani itageuka tu, kwa sababu humo zimo sukari punguzi na isiyo punguzi pamoja.

Mchangiaji 3

Nashughulikia protini.

Kopa salfeti yako ni nyingi mno na kali mno. Unatakiwa utumie ya 1%, na kwa matone. Uji wa bluu ulioupata ni haidroksidi ya shaba: shaba iliyokosa protini ya kushikana nayo imekamatwa na haidroksidi. Kuupasha moto kumeutoa maji ukawa oksaidi nyeusi ya shaba. Zambarau pengine ilikuwemo, imefunikwa.

Zambarau hutoka pale ioni ya shaba inaposhikwa na naitrojeni za viungo vya peptaidi, vile vinavyounganisha asidi amino moja na nyingine. Vinahitajika viwili au zaidi kwenye mnyororo. Asidi amino iliyo peke yake haitoi zambarau, hata ukiweka gramu nyingi.

Ute wa yai moja uchanganye na karibu 150 cm³ za maji baridi, koroga taratibu usipige povu, chuja kwa kitambaa. Chukua 2 cm³, weka 1 cm³ ya haidroksidi ya sodiamu 10%, tikisa. Ndipo utie kopa salfeti 1%, tone moja, tikisa, tone la pili, tikisa. Kati ya tone la pili na la tano utaona. Weka karatasi nyeupe nyuma ya testi tyubu, kwa sababu zambarau hafifu kwenye mwanga mdogo inaonekana kama bluu.

Hakuna moto kwenye testi hii. Haidroksidi ya 10% ikiruka jichoni inaharibu jicho, kwa hiyo miwani ivaliwe.

Mtoa mada

Asanteni sana. Sasa naona. Ila hapo Mchangiaji 3 umenifungua swali: Benedict nayo ina shaba kwenye alkali, mbona haitoi ule uji wa bluu ikikaa chupani? Na tunataka kuitengeneza wenyewe, sodiamu sitreti tunayo.

Mchangiaji 2

Hiyo sitreti ndiyo jibu. Inaikumbatia ioni ya shaba ibaki imeyeyuka, isikamatwe na kaboneti wala haidroksidi, huku ikiiacha wazi vya kutosha kwa sukari kuipa elektroni. Ndiyo maana mpangilio wa kuchanganya una maana.

Kwa 500 cm³: yeyusha gramu 86.5 za sodiamu sitreti na gramu 50 za kaboneti ya sodiamu kavu kwenye 400 cm³ za maji ya vuguvugu yaliyochujwa vizuri, ikiwezekana yaliyokenekwa. Kaboneti yenu ikiwa ya fuwele zenye maji kumi, pima gramu 135. Kwenye bika nyingine yeyusha gramu 8.65 za fuwele za kopa salfeti ndani ya 50 cm³. Mimina shaba ndani ya sitreti, polepole, ukikoroga muda wote. Jazia maji hadi 500. Ukitanguliza shaba kwenye kaboneti kabla ya sitreti, utapata mashapo ya kijani-bluu na gramu zako zimeenda.

Mrututu wa dukani ni kopa salfeti hiyohiyo, lakini usafi wake haujulikani. Kwa matone ya testi ya protini unaweza kuufanyia mazoezi baada ya kuuchuja. Kwa Benedict tumia ya maabara. Ni sumu, usiachwe karibu na vyombo vya kulia.

Mchangiaji 1

Kwenye asidi, wengine huiua kwa haidroksidi ya sodiamu badala ya baikaboneti. Inafanya kazi, lakini haikupi ishara. Baikaboneti inakuonyesha yenyewe kwamba imemaliza, povu linakoma, na ukizidisha kidogo haidhuru.

Mchangiaji 4

Wanga umesahaulika. Testi tyubu yako ya "chai" ilikuwa ya moto, sivyo? Amilosi ya wanga ni mnyororo uliojisokota kama springi, na iodini huingia kukaa ndani ya msokoto huo. Bluu-nyeusi inatoka humo. Moto unaulegeza msokoto, iodini inatoka. Ipoze testi tyubu hiyohiyo chini ya bomba, bila kuongeza kitu, uone bluu inarudi. Wanafunzi waione kwa macho yao.

Iliyopoteza rangi kabisa ina haidroksidi. Iodini ikikutana na alkali inageuka kuwa ioni zisizo na rangi. Testi tyubu za protini zimetumika tena bila kuoshwa vizuri.

Iodini yenyewe haiyeyuki vizuri majini, ndiyo maana huwekwa pamoja na potasiamu iodaidi: gramu 2 za iodaidi kwenye maji kidogo kwanza, kisha gramu 1 ya iodini, koroga hadi iishe, ndipo ujazie. Chupa ya kahawia, kifuniko kikazwe.

Mtoa mada

Ni kweli, ilikuwa ya moto, na testi tyubu zilisuuzwa mara moja tu. La mwisho: fruktosi ni ketoni, haina aldehaidi. Kwa nini nayo inageuza Benedict? Na wekundu unaoganda kwenye kioo unatolewaje?

Mchangiaji 2

Kwenye alkali fruktosi hujipanga upya, haidrojeni zinahama kutoka kaboni moja kwenda ya jirani, na sehemu yake inakuwa glukosi na manosi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuua asidi kwanza.

Wekundu uliobaki: matone machache ya asidi ya haidrokloriki hafifu, zungusha, brashi, kisha suuza kwa maji mara tatu. Testi tyubu za protini zioshwe kando na zipigwe alama ya kalamu, zisirudi kwenye wanga siku hiyohiyo.