Fundi wa ritani kaniongezea sifuri moja, sasa naulizwa VAT

Wadau wa Mtwara naombeni msaada. Nina duka la vitenge na kanga pale Chikongola, mauzo yangu mwaka jana milioni 38 na laki 6, nikampa kijana wa stesheneri anijazie ritani ya kodi (ile taarifa ya mauzo ya mwaka) mtandaoni, kaandika milioni 386. Nimepigiwa simu na TRA, watu wa mapato, naulizwa kwa nini sijasajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na deni la kodi nililosomewa nikiuza duka zima halitoshi. Nimemfuata ananiambia mama hiyo ni sistimu. Usingizi sina, ada ya watoto ndo hiyo hiyo hela ya mzigo.

Mkulima wa Newala
Pole sana dada. Hao vishoka, mafundi wa mitaani wasio rasmi, msimu wa korosho ndo wanajaa. Mauzo ya milioni 200 kwa mwaka kwenda juu ndo VAT, ndo maana umepigiwa.

Mhasibu mstaafu, Lindi
Mama usigombane naye kwanza, muda unakwisha. Kisheria ritani ni yako hata kama kaijaza mwingine, ila kosa linarekebishika. Andika barua kwa meneja wa TRA mkoa ueleze sifuri iliyozidi, ambatanisha Z ripoti (zile karatasi za jumla ya mauzo ya kila siku) za mashine ya risiti ya EFD za mwaka mzima, daftari la mauzo na stetimenti ya benki na ya simu, halafu nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama makadirio ya kodi ya TRA yametoka una siku 30 za kuweka pingamizi. Hapo unatakiwa ulipe theluthi moja ya kodi au ile usiyobishania, kubwa kati ya hizo, lakini unaweza kuomba kwa maandishi upunguziwe au usamehewe hiyo amana, toa sababu. Na hii watu wengi wanasahau: angalia namba ya simu na imeili zilizopo kwenye TIN yako (namba ya mlipakodi) ni za nani.

Mwenye duka
Baba yangu we, nimeangalia sasa hivi, namba ni ya yule kijana! Ndo maana sikupata meseji hata moja. Nimeenda kwake kanionyesha simu, notisi imeingia tarehe 4.

Mhasibu mstaafu, Lindi
Leo 19, bado zipo siku. Kesho asubuhi badilisha namba kwanza kabla ya barua, nenda mwenyewe na kitambulisho cha NIDA usimtume mtu. Z zipo?

Mwenye duka
Zipo kwenye boksi la viatu, za Machi zimefifia ila zinasomeka. Asante sana mzee wangu, saa 2 niko mlangoni.