Lenzi gani kwa picha za magari na milima ya huku Mbeya? Nina laki nne

Mtoto wa Uyole
Habari za jioni wakuu. Nina kamera ya Canon 700D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55 (ni milimita, namba ndogo inachukua eneo pana, kubwa inavuta karibu). Napiga picha vijana wakishatoa magari yadi, wengi wanataka gari ionekane na mlima nyuma. Juzi nilikuwa mtaa wa Forest na Mark X nyeusi, nikasogea karibu kabisa nikaweka 18 ili mlima Loleza utoshe, sasa kuja kuangalia boneti imevimba kama shavu lenye jino bovu, na Loleza yenyewe tunayoiona mji mzima imekuwa kichuguu nyuma ya paa, halafu mlangoni naonekana mimi na bodaboda iliyonileta. Mwenye gari kaangalia akaniuliza "hii ndo gari yangu kweli?" Iliniuma, kijana wa watu kajichanga miaka.

Nina laki nne, nitafute ya mtumba. Nafikiria 10-18 nipate mlima wote, kuna wanaosema 50 f/1.8 isiyozumu, wengine 55-250. Natamani pia kupanda Kitulo maua yakitoka. Nichukue ipi?

Ukungu wa Asubuhi
Kaka 10-18 kwa gari hapana, boneti itazidi kuvimba. Shida ni pale uliposimama. Ukiwa mita nne kutoka kwenye gari, taa ya mbele iko karibu na wewe kuliko ya nyuma mara mbili, lazima pua iwe kubwa, na mlima ulioko mbali huko unabaki kitu kidogo. Rudi nyuma hatua 25, zumu mpaka 70 au 85, piga goti lenzi iwe usawa wa taa za mbele. Gari itajaa fremu vilevile ila umbo limerudi, na Loleza imekua mara nne imekaa mgongoni kwa gari. Kwa hiyo 55-250, na utaipenda hata kwa mandhari, maana milima yetu huku ni safu juu ya safu. Nenda barabara ya Chunya alfajiri uangalie upande wa Usangu, ukungu umelala mabondeni, weka 200 ukate kipande kimoja tu, vilima vinne vitano kila kimoja na bluu yake. Mimi sijawahi kuipata hiyo kwa lenzi pana.

Kabla hujatoa hela jaribu na hiyo yako kwa 55, rudi nyuma uone.

Binti Tukuyu
Naungana na kaka hapo juu ila bakiza hela ya polaraiza, ile filta ya kupunguza mng'ao, kwa gari nyeusi ndo itakayokuokoa. 18-55 yako na 55-250 zote filta ni ya milimita 58 kwa hiyo moja inatosha. Unaizungusha taratibu huku unaangalia kioo cha mbele, mawingu yaliyokuwa yamejaa kiooni yanafifia mpaka unaona usukani. Haifuti kila kitu kwa mara moja, ukisafisha kioo mlango unaweza kubaki na mng'ao, chagua kinachokukera zaidi. Inakula mwanga pia, jioni beba tripodi. Huku kwetu naitumia kwenye mashamba ya chai baada ya mvua, majani yanakuwa na weupe wa maji juu, ukizungusha ule ukijani unarudi.

Na mtumba umulike jamani! Yangu ya kwanza nilinunua kwa mtu mtandaoni bila kuikagua, ndani ina nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, ni fangasi. Washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukishapata nzuri usiifungie kwenye begi lenye unyevu, weka kwenye kopo linalobana na vipakiti vya silika.

Msitu wa Sao Hill
Mimi naitetea 10-18 kidogo. Ziwa Ngosi ukifika juu ukingoni, nyuma yako msitu mbele shimo, huna pa kurudi, 18 inakata ziwa. Kitulo pia unapiga goti mbele ya ua moja, sentimita 30 hivi, linajaa mbele na bonde lote nyuma. Ila gari ndo zinakulipa, anza na 55-250, hiyo nyingine itakuja na hela za magari.

Gari ikiwa inatembea weka shuta 1/60 ya sekunde, ifuate kwa mwili wote, miti nyuma inakuwa mistari. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari mengi. Mlima Kitonga usisimame kwenye kona kwa ajili ya picha, malori yanayoshuka pale yana mzigo mzito na breki zimeshachoka.

Mtoto wa Uyole
Nimejaribu leo na IST ya jirani, 55, hatua kama 18 nyuma, nimepiga goti kwenye vumbi. Pua imekaa sawa! Mlima umesogea mpaka jirani kauliza nimeuleta na nini. Basi ni 55-250 na polaraiza. Nikishaipata namtafuta yule wa Mark X nimpige upya bure. Ndaga fijo, asanteni sana.